Shemeji wa Skochi kwenye meza ya bourbon

Shemeji yangu, kakake mke wangu, ni mtu wa Skochi, yaani wiski ya Uskoti, na hafichi. Nyumbani kwake Nairobi chupa zimepangwa kabatini kwa umri: za miaka 12 chini, za 15 katikati, za 18 juu, na ile moja ya 21 iko peke yake, haiguswi mpaka kuwe na mahari ya kupokewa. Mgeni akija na mzinga wa bourbon, wiski ya mahindi ya Kimarekani, anashukuriwa vizuri, kisha mzinga unaishia jikoni. Hoja yake ni kwamba kinywaji cha mahindi anakijua tangu utotoni, hakina haja ya kuvuka bahari kumfuata.

Alipokuja kututembelea Louisville, Kentucky, nilimpeleka kwenye kikao cha kuonja bourbon. Kisa chenyewe ni kidogo: jioni moja, watu wachache, glasi tano na moja ya nyongeza. Nimeona kinafaa kuchambuliwa kwa sababu shemeji si mlevi wa kubahatisha. Pua yake ni nzuri kuliko yangu, anajua anachokunywa, na bado nusu ya hukumu alizotoa mezani hazikuhusu kilichokuwamo glasini. Zilihusu vipimo alivyotoka navyo kwao, na kipimo kilichompoteza kuliko vyote ni umri.

Tulikuwa wanne. Mwenyeji wetu ni mama wa Kimarekani aliyefanya kazi ya maghala ya wiski karibu maisha yake yote. Wa nne alikuwa rafiki yetu wa Bukavu, mmoja wa Wakongomani wengi waliohamia mji huu. Yeye hutengeneza mapipa. Alikuja na kipande cha ubao kimefungwa kwenye gazeti, akakiweka chini ya kiti bila kusema kitu.

Mezani kulikuwa na maji, biskuti zisizo na chumvi, kikombe cha kutemea ambacho shemeji alikisogeza mbali kama aliyetukanwa, na bakuli la barafu ambalo hakutaka hata kulitazama. Glasi tu ndizo zilizompendeza, zile zenye tumbo pana na mdomo mwembamba ziitwazo Glencairn. Zilibuniwa Uskoti kwa ajili ya Skochi, na siku hizi hata vikao vingi vya bourbon huzitumia. "Angalau vyombo ni vyetu," akasema.

Glasi ya kwanza ilikuwa nyeupe kama maji. Kentucky huiita mbwa mweupe: ni wiski inapotoka kwenye mtambo, haijaona pipa. Shemeji alinusa, akaweka glasi chini, akacheka mpaka watu wa meza ya pili wakageuka. "Shemeji, umenitoa Nairobi uje uninusishe chang'aa?"

Hakukosea sana. Sheria ya Marekani inataka bourbon iwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51, na viwanda vingi hutumia asilimia 70 na zaidi. Mahindi yakichachushwa kwa hamira na kupikwa, yawe yamepikwa Bardstown ya Kentucky au kando ya mto Nairobi, harufu ya mwanzo ni ile ile ya mahindi mabichi yaliyochemshwa, na nyuma yake kuna kitu kama uji uliolala. Hata ufundi mmoja ambao Kentucky wanajivunia, wapishi wa nyumbani hawatauona mgeni: sehemu ya maji ya machicha ya upishi uliopita hurudishwa kwenye upishi mpya ili uwe na uchachu wa kutosha kuzuia vijidudu visivyotakiwa. Aliyeuweka ufundi huo kwenye vipimo vya kisayansi, katika karne ya 19, alikuwa James Crow, mkemia mzaliwa wa Uskoti aliyehamia Kentucky. Nilimtajia shemeji jina hilo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema Waskoti hawajawahi kukataa kazi za nje.

Mwenyeji alikuwa na sababu ya kuanza na mbwa mweupe. Alitaka kila mtu aijue harufu ya mahindi yenyewe, ili baadaye asiyasingizie mahindi mambo ambayo si yake. Shemeji hakuuchukua msaada huo.

Ya pili ilikuwa Maker's Mark, ya kijiji cha Loretto, asilimia 45 ya kileo. Ina mahindi 70, ngano 16 na kimea cha shayiri 14 kwa mia. Shemeji aliinua glasi kwenye taa, akatazama ule wekundu wa shaba, akakisia miaka kumi na tano. Kisha akaonja. "Tamu. Tamu mno. Wametia sukari hawa, na rangi juu yake."

Hapo ndipo vipimo vya kwao vilipoanza kumponza. Bourbon yenye neno "straight" kwenye lebo haitiwi sukari, haitiwi rangi, haitiwi kionjo. Kinachoruhusiwa ni maji ya kupunguza ukali. Anayeruhusiwa kutia rangi ya karameli ni Mskoti, na wengi hutia ili chupa zote zifanane. Kwa hiyo mtu aliyelelewa kwenye Skochi ana haki ya kutoamini rangi. Kilichomshinda ni kwamba pale mezani aliitilia shaka kama ya bandia, na papo hapo akaitumia kama cheti cha kuzaliwa. Chupa ile haina umri kwenye lebo. Straight isiyotaja umri lazima iwe imekaa miaka 4 au zaidi, lakini kumi na tano ni mbali. Wekundu ule ni wa pipa jipya. Utamu nao ni wa pipa jipya, tena ukiupima hukuti sukari ya maana: ni harufu ya vanila na ya sukari iliyoungua inayoudanganya ulimi. Ngano inafanya jambo moja tu, haiongezi makali, basi utamu unabaki bila mpinzani.

Ya tatu, Four Roses ya pipa moja, asilimia 50, ndiyo iliyomnyamazisha. Mchanganyiko wake una rai asilimia 35, ile nafaka ya nchi za baridi iliyo ndugu wa ngano. Kwa bourbon hicho ni kiasi kikubwa. Shemeji alinusa mara tatu. Akataja mdalasini, halafu karafuu, halafu pilipili manga, na ganda la chungwa lililokauka. Akanywa, akasubiri, akanywa tena. "Hii ina adabu," akasema.

Najua kwa nini aliipenda, ingawa yeye angetoa sababu nyingine. Skochi anazozipenda zaidi ni za kisiwa cha Islay, ambako shayiri iliyochipuzwa mara nyingi hukaushwa kwa moshi wa udongo wa mboji (peat). Amezoea wiski inayojibu. Bourbon haina moshi huo, na lawama yake ya kwanza siku zote ni "moshi uko wapi, na mapipa yenyewe mnayachoma?" Swali la haki. Jibu ni kwamba moshi wa Islay huingia kwenye nafaka kabla haijapikwa, ukapita mtambo wote na kutoka na wiski. Moto wa pipa huja baadaye na kazi yake ni tofauti: unapasua kuni, unageuza sukari za mti kuwa karameli, na makaa yanayobaki hunyonya harufu za kiberiti. Kwenye bourbon nafasi ya moshi inashikwa na rai. Mtu wa Islay akija Kentucky aanzie huko.

Juu ya glasi ya nne, Wild Turkey 101, nitapita haraka. Namba ni prufu, ambayo Marekani ni mara mbili ya asilimia ya kileo, kwa hiyo ni asilimia 50.5. Shemeji alipiga funda kama anavyokunywa Skochi ya asilimia 40. Ilipomshika kifuani, mwenyeji akamwambia kwa furaha kwamba hilo ndilo kumbatio la Kentucky. Alipoacha kukohoa alitia matone ya maji, akazungusha, akanusa upya, na tukamsikia akisema "kashata ya karanga" kwa sauti ya mtu aliyekutana na jirani ugenini. Maji hayakuwa aibu Uskoti, sijui kwa nini aliyaonea aibu hapa.

Sasa ya tano. Hii sitaitaja jina, kwa sababu ugomvi wa shemeji haukuwa na kiwanda, ulikuwa na miaka. Ilikuwa bourbon ya miaka 18. Mwenyeji alipotamka namba hiyo, shemeji alikaa wima. Alikunywa maji, akala biskuti, akasafisha mdomo kama anayejiandaa kusalimia wazee. Kwake 18 ni umri wa wiski kupewa kiti. Akaonja, akatulia muda mrefu, akasema: "Hii ni strungi iliyosahauliwa jikoni."

Alikuwa akisema kweli ya ulimi wake. Kulikuwa na ukali wa majani ya chai yaliyolala, vumbi la penseli iliyochongwa, ngozi ya viatu, na ule ukavu unaobana fizi. Lakini akaendelea mbele akatoa hukumu: kama hii ndiyo bourbon yao ya miaka 18, basi ufundi hawana. Hukumu hiyo ndiyo ninayoipinga.

Hapo rafiki yetu wa Bukavu alitoa ubao wake kwenye gazeti. Kilikuwa kipande cha pipa lililotumika, unene wake kama sentimita mbili na nusu. Upande wa ndani ulikuwa mweusi tii, umepasukapasuka vipande vya mraba kama ngozi ya mamba. Kwa jicho la karibu, chini ya makaa unaona tabaka la kahawia, halafu milimita chache ndani kuna mstari mwembamba wa rangi ya damu ya mzee. Mstari huo unaonyesha wiski ilipofika. Kila kiangazi ghala linapopata joto, wiski inavimba na kusukumwa ndani ya ubao. Baridi ikija inarudi, imebeba ilichochukua. Shemeji alinusa upande mweusi, akashtuka: vanila tupu, pipa lenyewe likiwa limekaa kavu sijui tangu lini.

"Pipa ya mupya inapana byote mu myaka ya kwanza," rafiki akamwambia kwa Kiswahili chao. "Yenye ilishatumika inapana polepole."

Yaani pipa jipya hutoa vyote miaka ya kwanza, lililotumika hutoa polepole. Ndiyo kiini cha kisa chote. Bourbon lazima ikae kwenye mwaloni mpya uliochomwa, na pipa la kawaida ni la lita 200 hivi. Skochi inaruhusiwa kukaa kwenye pipa lililokwisha tumika, na karibu yote hukaa humo. Tena mara nyingi pipa ni la lita 250, au la 500 lililotoka kwenye divai ya sheri ya Uhispania. Kuni iliyochoka, chombo kikubwa, hewa ya baridi na unyevu ya Uskoti: hapo miaka 12 ni mwanzo, na 18 ni utu uzima. Kentucky kuni ni mpya, chombo ni kidogo, na ghala la orofa kadhaa huoka wakati wa kiangazi. Miaka 6 hadi 10 huko inatosha kabisa kwa bourbon nyingi. Baada ya hapo pipa linaendelea kutoa, ila utamu umepungua na zinazokuja ni tanini, zile zile za chai.

Kuna hesabu ya upotevu pia. Uskoti hupoteza kama asilimia 2 ya pipa kila mwaka hewani. Kentucky ni zaidi. Ukichukua asilimia 4, baada ya miaka 18 pipa limebaki na chini ya nusu. Na Uskoti kileo ndicho hupungua kadiri miaka inavyokwenda, ilhali kwenye orofa za juu za Kentucky ni maji yanayotangulia kuondoka, kwa hiyo wiski inazidi kuwa kali huku ikizidi kuloweka kuni. Miaka 18 ya huku na 18 ya kule haina uhusiano zaidi ya kalenda.

Marekani wenyewe waliweka heshima yao mahali pengine. Sheria ya mwaka 1897 ya wiski iliyofungwa chini ya dhamana ya serikali haikushindana kwa umri mkubwa. Ilitaka wiski iwe ya kiwanda kimoja na msimu mmoja, ikae angalau miaka 4 kwenye ghala lenye usimamizi wa serikali, na iingie chupani ikiwa na asilimia 50 kamili. Siku hizo wachuuzi walichukua pombe ghafi, wakatia rangi na vionjo, wakaiuza kwa jina la bourbon. Mkenya anayekumbuka vifo vya chang'aa iliyotiwa methanoli haelezwi mara mbili kwa nini sheria kama hiyo ilikuwa na maana kuliko namba kubwa kwenye lebo. Shemeji alilikubali hili upesi. Anapenda sheria.

Kisha akaomba glasi yake mwenyewe. Aliona tumemchosha na anataka kurudi nyumbani, kwa hiyo akaagiza Glenmorangie ya kawaida, Skochi ya kimea kitupu, ya kiwanda kimoja, laini, isiyo na moshi. Niliitazama sura yake. Funda la kwanza: maji. Baada ya zile za asilimia 50, Skochi ile ilimpita mdomoni kama haikuingia. Akalaumu baa, akadai imechanganywa. Haikuchanganywa, ni ulimi uliokuwa umezimwa. Alipokula biskuti na kungoja, ladha ikarudi, na hapo akatulia kweli kweli, kwa sababu alichokinusa kilikuwa vanila na nazi kidogo. Harufu hizo amezisifu kwa miaka, akiziita ulaini wa Uskoti.

Rafiki wa Bukavu alicheka kabla sijafungua mdomo. Wiski hiyo huzeeshwa kwenye mapipa yaliyotoka kwenye bourbon. Kwa kuwa pipa la bourbon halirudiwi kwa bourbon nyingine, kila mwaka maelfu na maelfu ya mapipa huondoka Kentucky yakiwa bado na nguvu, na sehemu kubwa huenda Uskoti. Laphroaig, moja ya zile za moshi anazoziapia, nayo hulelewa zaidi kwenye mapipa hayo. Vanila ile ile ya glasi ya pili, aliyoiita sukari ya kutiwa, alikuwa akiinywa Nairobi kwa bei ya juu, imepunguzwa makali na pipa kutumika kwanza na mtu mwingine.

Hakusema ameshindwa, na sikumtaka aseme. Alisema tu, "Kumbe mnatuuzia masalio," na kwa mashemeji utani wa namna hiyo unahesabika kuwa makubaliano.

Nikitazama jioni ile kwa haki, shemeji hakuwa na kosa peke yake. Mpangilio wa glasi ulimwonea. Kutoka changa kwenda kongwe ndivyo Skochi inavyoonjwa, na mwenyeji alipofuata njia hiyo alimthibitishia mgeni kwamba tunapanda ngazi na juu kabisa kuna kilele. Zaidi ya hilo, ukavu wa kuni hujilimbikiza fizini. Ukiweka kongwe mwisho, baada ya 101, unaiweka mbele ya ulimi uliokwisha choka. Siku nyingine nilimpa ile ile ya miaka 18 jioni, peke yake, kabla ya chakula, bila kumkumbusha umri. Uchungu aliukuta tena, lakini safari hii alitaja cheri zilizokauka na tumbaku ya kiko, na akamaliza glasi. "Nimeielewa," akasema. "Kununua sinunui."

Hapo tunakubaliana, kwa sababu zisizofanana. Yeye anaona haijawa nzuri kiasi hicho. Mimi naona ni nzuri, ila bei yake inalipia zaidi wiski iliyopotea hewani na foleni ya watu wanaosaka namba kubwa, wengi wao wakiwa wametoka kwenye Skochi na kipimo kile kile cha shemeji. Kwa bei hiyo mtu anaweza kupata chupa kadhaa za miaka minne hadi tisa, zenye asilimia 50, zinazoonyesha vizuri zaidi kazi ya wapishi wa Kentucky.

Mnywaji mwingine wa Skochi akinijia, nitampangia hivi. Kwanza Skochi yake aliyoizoea, iliyokaa kwenye pipa la bourbon, na kipande cha ubao kando yake. Pili bourbon ya rai nyingi, ili apate cha kubishana nacho. Tatu ile kongwe, ulimi ukiwa bado na nguvu, na lebo imefunikwa. Nne ya ngano, apumzike. Yenye makali ya 101 iwe ya mwisho, pamoja na maji, na mbwa mweupe nisimpe kabisa mpaka aombe mwenyewe, maana Mkenya akishanusa hiyo, vicheko vya chang'aa havikomi mpaka kikao kiishe.